Chipu ya Miguu Minane: Historia Ambayo Garissa Imo Lakini Haijisomi

Kila nikiandika historia ya huku kwetu, watu wananitarajia nilete vita, ukame ama siasa za koo. Leo naleta kitu kidogo kuliko ukucha wako wa kidole cha mwisho, cheusi, chenye miguu minane, kinachokaa ndani ya nyumba za watu hapa Garissa na hakuna mtu anakisalimia.

Chukua kile kidhibiti cha solar cha bei ya chini, kile kinafungwa ukutani kati ya paneli na betri. Fungua skrubu nne. Ukikuta chipu imeandikwa LM358, ama ndugu yake LM324 mwenye miguu kumi na minne, basi umekutana na opampu. Hiyo ndiyo inapima betri yako imeshiba ama ina njaa. Ikikosea hesabu, betri inakufa kabla ya wakati wake na wewe unalaumu jua.

Wasee, hoja yangu ni hii. Tumefundishwa kwamba historia ya teknolojia ilitokea kwa wengine, na historia ya Kaskazini Mashariki ni mateso tu. Mimi naona ni historia mbili zilizoenda sambamba, miaka ileile, na mpaka leo zinakutana ndani ya kile kisanduku ukutani. Sisi tu ndio hatujafungua tukaangalia.

Niweke wazi pia: mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya uhandisi wa umeme, karo ilipokataa kutosha. Cheti sina. Mengi ya haya niliyapata kwa vitabu na kwa fundi mmoja pale Suuq Mugdi ambaye hakuwahi kuniuliza cheti. Kwa hivyo ukiona nimeeleza kama mtu wa sokoni, ndivyo nilivyofunzwa.

Feri ya 1927

Tuanze mbali. Marekani, miaka ya 1920. Kampuni ya simu inataka watu wazungumze kutoka pwani moja ya nchi hadi nyingine, maelfu ya kilomita. Sauti ikisafiri kwenye waya inachoka. Kwa hivyo kila baada ya umbali fulani unaweka amplifaya, yaani kifaa cha kukuza sauti. Shida ni kwamba amplifaya za wakati huo zilikuwa za valvu za kioo, na kila moja ilikuwa inakuza na kuharibu kwa wakati mmoja. Ukipanga nyingi kwa mstari, uharibifu unajumlishana. Mwisho wa waya mtu anasikia kelele badala ya maneno.

Tarehe 2 Agosti 1927, injinia wa miaka 29 anaitwa Harold Black alikuwa kwenye feri akivuka mto Hudson kwenda kazini New York. Hapo kwenye feri akapata wazo, akalichora juu ya ukurasa wa gazeti la New York Times alilokuwa nalo. Wazo lenyewe: tengeneza amplifaya yenye nguvu kupita kiasi, kisha chukua sehemu ya kile inachotoa, uirudishe nyuma ipingane na kile kinachoingia. Huo unaitwa mrejesho hasi.

Ukisikia mara ya kwanza inakaa upuuzi. Umeng'ang'ana kutafuta nguvu, halafu unaitupa? Hata ofisi ya hataza Marekani haikuelewa haraka. Black aliomba hataza 1928, akapewa Desemba 1937. Zaidi ya miaka tisa.

Lakini unajua mrejesho tayari, hata kama hujui jina lake. Siku ya harusi, MC akisimama na maikrofoni mbele ya spika, ile filimbi inayokutoboa masikio ni mrejesho chanya. Sauti inatoka kwa spika, inaingia kwa maikrofoni, inakuzwa, inatoka tena kubwa zaidi, inaingia tena. Inajilisha yenyewe mpaka inalia. Mrejesho hasi ni kinyume chake. Ni kama mama akimimina shaah kwenye kikombe: macho yako kwa kikombe, na kadiri chai inavyokaribia ukingo ndivyo mkono unapunguza. Matokeo yanarudi kusahihisha kitendo. Black alifanya umeme ujiangalie hivyo.

Hesabu ya vita

Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, mafundi wa Bell Labs walikuwa na shida nyingine. Ndege inakuja kasi. Mzinga lazima ulenge pale ndege itakapokuwa, sio pale ilipo. Hiyo ni hesabu: jumlisha, toa, zidisha, na uifanye papo hapo. Kompyuta za namba tunazozijua leo hazikuwepo. Kwa hivyo walifanya hesabu kwa volti. Volti mbili ni namba mbili, volti tatu ni namba tatu, na saketi inakupa tano.

Karl Swartzel wa Bell Labs aliomba hataza ya amplifaya ya kujumlisha mwaka 1941. Saketi za aina hiyo ziliingia kwenye kielekezi cha mizinga kilichoitwa M9, na mwaka 1944 kikisaidiwa na rada kilielekeza mizinga iliyodungua mabomu ya V-1 ya Wajerumani yaliyokuwa yakiruka kwenda London.

Jina lenyewe lilikuja 1947, kwenye makala ya John Ragazzini na wenzake. Waliiita amplifaya ya kufanyia hesabu, kwa sababu kazi yake ilikuwa kufanya matendo ya hesabu. Ukifupisha jina lao la Kiingereza unapata opampu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya George Philbrick ikaanza kuuza moja iitwayo K2-W. Ilikuwa na valvu mbili za kioo, ikitumia volti 300 chanya na volti 300 hasi. Jaribu kuipeleka hiyo Balambala na betri ya gari.

1963 hadi 1968

Sasa hapa ndipo nataka uweke kalenda mbili mezani.

Kalenda ya kwanza ni yetu. Chini ya Waingereza, sehemu hii iliitwa NFD, na tangu 1926 ilikuwa wilaya iliyofungwa: kuingia na kutoka kwa kibali. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Tarehe 28 Desemba, siku kumi na sita baadaye, serikali ikatangaza hali ya hatari huku kwetu. Vita vya Shifta vikaendelea hadi 1967.

Kalenda ya pili ni ya California. Septemba 1963, kijana wa miaka 25 anaitwa Bob Widlar anaingia kampuni ya Fairchild. Mwaka 1964 anatoa µA702, opampu nzima kwenye kipande kimoja cha silikoni. Mwaka 1965 anatoa µA709, na hiyo inauzika kweli. Mwaka 1968 Dave Fullagar, pia wa Fairchild, anatoa µA741. Tofauti kubwa ya Fullagar ilikuwa ndogo kwa macho: aliweka kapasita ya pikofaradi 30 ndani ya chipu yenyewe. Kabla ya hapo mtumiaji alilazimika kuongeza vipuri nje ili chipu isilie kama ile maikrofoni ya harusi. 741 unaichomeka tu, inatulia. Ndiyo maana mpaka leo iko kwenye vitabu vya wanafunzi.

Yaani huku babu zetu wanaulizwa kipande cha kupita, kule mtu anapunguza valvu za volti 300 mpaka zinaingia kwenye kitu cha kushika kwa kibanio. Miaka ileile.

Na usifikirie umeme ulikuwa mbali na vita vyetu. BBC ilikuwa na idhaa ya Kisomali tangu 1957. Redio Mogadishu ilikuwa ikisikika NFD, na matangazo yake yaliisumbua serikali ya Nairobi kiasi kwamba makubaliano ya amani ya Oktoba 1967 kule Arusha yaligusia mpaka propaganda za redio na magazeti. Fikiria hiyo. Mawimbi yanayofika kwenye waya wa redio ni madogo sana, sehemu kadhaa tu za milioni za volti. Bila transista za kuyakuza, ni kimya. Redio ya transista ndiyo ilifanya mtu aliyekaa na ngamia wake, mbali na barabara yoyote, asikie serikali mbili zikimgombania. Kibali cha kutembea ulihitaji, lakini cha kusikiliza hakuna aliyeweza kukunyima.

Inafanyaje kazi

Sawa, sasa tuingie ndani ya chipu. Usikimbie, ni rahisi kuliko inavyokaa.

Opampu ina miguu mitano ya maana. Miwili ni ya umeme wa kuiendesha. Miwili ni ya kuingiza: mmoja una alama ya kujumlisha, mwingine ya kutoa. Mmoja ni wa kutoa jibu. LM358 ina opampu mbili ndani zinazotumia umeme mmoja, ndiyo maana miguu inakuwa minane.

Kazi yake ni moja tu. Inaangalia tofauti kati ya mguu wa kujumlisha na mguu wa kutoa, kisha inazidisha tofauti hiyo kwa namba kubwa sana. Kwa LM358 namba hiyo ni kama 100,000. Haijali kila mguu una volti ngapi. Inajali nani amemzidi mwenzake na kwa kiasi gani.

Sasa piga hesabu. Tofauti ya milivolti moja mara 100,000 ni volti 100. Lakini betri yako ni ya volti 12, hizo 100 zitatoka wapi? Hazitoki. Chipu inapanda mpaka pale umeme wake unapoishia na inagonga dari. Mguu wa kujumlisha ukizidi kidogo tu, jibu linaenda juu kabisa. Mguu wa kutoa ukizidi, linaenda chini kabisa. Hakuna katikati. Ukiitumia hivyo inaitwa kilinganishi, na hiyo ndiyo kazi yake kwenye kidhibiti cha solar.

Mguu mmoja unapewa volti isiyobadilika, kutoka kwa zena, ambayo ni kama jiwe la mizani. Mguu wa pili unapewa sehemu ya volti ya betri, iliyogawanywa na rezista mbili. Betri ya risasi ya volti 12 ikifika karibu na 14.4 wakati wa chaji, kilinganishi kimoja kinasema imeshiba, funga paneli. Ikishuka karibu na 11, kingine kinasema ina njaa, kata taa. Mizani na jiwe lake, kama kwa muuza nyama. Jiwe likiwa la uongo, kila mtu anaibiwa.

Hiyo ni opampu bila mrejesho. Sasa mlete Harold Black.

Tuseme una maikrofoni inayotoa milivolti 5 na unataka kuikuza. Ingiza sauti kwenye mguu wa kujumlisha. Kisha chukua jibu, ulipitishe kwenye rezista ya ohmu 100,000, uliunganishe na mguu wa kutoa. Kutoka mguu huohuo wa kutoa, weka rezista ya ohmu 1,000 iende ardhini. Rezista hizo mbili zinagawa jibu: mguu wa kutoa unapata sehemu moja tu kati ya 101.

Chipu inaanza kazi. Inaona mguu wa kujumlisha umezidi, inapandisha jibu. Jibu likipanda, mguu wa kutoa nao unapanda kidogo. Inaendelea mpaka miguu miwili iwe karibu sawa kabisa. Ili mguu wa kutoa ufike milivolti 5, jibu lazima liwe milivolti 5 mara 101, yaani 505. Nusu volti. Umekuza mara 101, na namba hiyo umeiamua wewe kwa rezista mbili za bei ya peremende.

Hapa ndipo utaona Black alikuwa anatupa nguvu kwa nini. Tuseme joto la Garissa limeichosha chipu yako, nguvu yake ikashuka kutoka 100,000 hadi 50,000. Nusu nzima imeenda. Ukipiga hesabu, ukuzaji wako unatoka 100.9 unakuwa 100.8. Basi. Hata sikio la mwadhini halitajua. Chipu imebadilika nusu, kazi yako imebadilika sehemu moja kwa elfu, kwa sababu kinachoamua sasa ni rezista. Kitu chenye hasira kimewekwa chini ya kitu chenye adabu.

Ukitaka kujumlisha kama Swartzel, unapindua. Mguu wa kujumlisha unauweka ardhini, kwenye sifuri. Sauti tatu, kila moja na rezista yake ya ohmu 10,000, zinakutana kwenye mguu wa kutoa, na rezista nyingine ya 10,000 inarudi kutoka kwenye jibu. Chipu inafanya kila iwezalo mguu wa kutoa ubaki sifuri pia, na njia pekee ni kutoa jibu ambalo ni jumla ya zile tatu, ikiwa imegeuzwa alama. Maikrofoni, simu yenye nyimbo na kinanda vinaingia, wimbo mmoja unatoka. Mikisa ya DJ wa harusi inafanya kazi kwa wazo lilelile lililolenga mizinga 1944.

Kuna moja ya mwisho, ndogo lakini tamu. Unganisha jibu moja kwa moja na mguu wa kutoa, bila rezista. Jibu linafuata kile kinachoingia, volti kwa volti. Unauliza, sasa faida gani? Faida ni kwamba kile kinachoingia hakibebi mzigo. Kihisi dhaifu kinanong'ona tu, na opampu ndiyo inatoa misuli. Kama mzee asiye na sauti baraza la wazee, na kijana pembeni yake anayerudia kila neno kwa nguvu bila kuongeza lake.

Taar

Rudi kwenye kalenda yetu. Mwaka 1991 serikali ya Somalia inaanguka. Ifo inafunguliwa mwaka huo, Dagahaley na Hagadera mwaka unaofuata, zote karibu na Dadaab. Familia zimekatwa vipande: mama yuko Ifo, mtoto Eastleigh, kaka amebaki Mogadishu, binamu ameenda Ulaya. Simu ya mkono hakuna.

Watu wakatumia taar. Hizo ni redio za masafa ya juu, za kuzungumza pande mbili, mawimbi yake yanapanda angani, yanarudishwa chini na tabaka la juu la hewa, yanashuka mamia ya kilomita mbali. Mwenye taar Dadaab anamwita mwenzake Eastleigh, anamwambia mtafute fulani, aje saa fulani. Fulani anakuja, anaongea, na kila mtu chumbani anasikia mambo ya nyumbani kwake. Kupitia taar zilipita salamu, matanga na maagizo ya pesa za hawala. Serikali iliziona redio hizo kama haramu na kuna wakati zilinyang'anywa. Bado zilirudi.

Mimi nasema taar ni sehemu ya historia ya uhandisi Kenya. Mtu aliyejua urefu wa waya wa antena, aliyejua masafa gani yanafaa usiku na gani mchana, aliyeendesha hiyo yote kwa betri ya gari na paneli, huyo alikuwa anafanya kazi ya injinia. Kazi ya redio yake ilikuwa ileile ya Black: chukua kitu dhaifu kutoka mbali, kikuze, na usikiharibu. Lakini ukifungua kitabu cha historia ya mawasiliano Kenya utakuta satelaiti ya Longonot, utakuta Safaricom. Taar utaikuta kwenye vitabu vya watafiti wa wakimbizi, ikiwa chini ya kichwa cha shida.

Paneli 206,272

Tarehe 13 Desemba 2019, Rais Uhuru Kenyatta alizindua kituo cha solar cha Garissa. Megawati 50, hekta 85, paneli 206,272 za wati 265 kila moja. Kimejengwa na kampuni ya Kichina ya CJIC kwa mkopo wa benki ya Exim ya China, karibu shilingi bilioni 13.7, na kinamilikiwa na shirika la REREC. Tulipiga picha zote, hata mimi.

Wajir na Mandera bado ziko nje ya gridi ya taifa, na vituo vyao vya umeme vilijengwa juu ya dizeli. Na ukitoka mjini, hata ndani ya kaunti yetu, umeme ni paneli ya familia, ya duka, ya kisima ama ya zahanati. Mradi wa K-OSAP, uliopitishwa na Benki ya Dunia 2017 kwa dola milioni 150, ulilenga kaunti kumi na nne zilizosahaulika na gridi, na tatu zetu zimo. Maana yake vidhibiti vinaongezeka. Vilinganishi vinaongezeka. Mawe ya mizani yanaongezeka.

Swali langu: nani huku anajua kuyasahihisha?

Wengine watasema, aki wewe, kidhibiti ni bei ya mlo wa hotelini, kikiharibika tupa ununue kingine. Sawa, kwa wewe unayeishi Bulla Iftin na duka liko hatua mia. Sasa fikiria zahanati ya kilomita themanini kwenye barabara ya mchanga. Friji ya chanjo lazima ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Kidhibiti kikikata betri mapema, joto linapanda. Kikichelewa kukata, betri inakufa baada ya miezi, halafu joto linapanda kabisa. Chanjo haibadiliki rangi ikiharibika kwa joto. Nesi anamdunga mtoto dawa ambayo haifanyi kazi, na sote tunaamini amekingwa. Hilo ndilo jiwe la mizani la uongo, na bei yake haiandikwi kwenye risiti.

Nao wengine watasema hii ni kazi ya mainjinia. Nakubali wanahitajika. Lakini fundi aliyenifunza mimi anarekebisha kidhibiti kwa dakika ishirini akiwa na mita ya bei ya chini na rezista mbili, na yeye hajamaliza shule ya msingi. Maarifa haya si ya siri na si ya bei. Chipu ina zaidi ya miaka hamsini. Kinachokosekana ni mtu wa kutuambia kwamba yanatuhusu. Watoto wetu wanafundishwa kwamba huku ni mahali pa kuletewa: chakula kinaletwa, maji yanaletwa, paneli zinaletwa. Ukiletewa kitu usichojua kinafanyaje kazi, aliyekuletea ndiye anabaki na jibu, na yeye anakaa mbali.

Kwa hivyo nawapa kazi, na haihitaji chuo. Tafuta LM358, zena ya volti 5.1, rezista tatu za ohmu 1,000, 10,000 na 12,000, na nyingine ya 1,000, pamoja na taa ndogo nyekundu ya LED. Chipu ipewe umeme wa betri yenyewe: mguu wa 8 kwenye chanya, wa 4 kwenye hasi. Kutoka chanya ya betri, pitisha rezista ya 12,000 halafu ya 10,000 hadi hasi. Pale zinapokutana, unganisha na mguu wa 3, ambao ndio wa kujumlisha. Kutoka chanya tena, rezista ya 1,000 hadi kwenye zena, upande wake wenye mstari, na upande wa pili wa zena kwenye hasi. Pale rezista na zena zinapokutana, unganisha na mguu wa 2. Mwisho, kutoka chanya, rezista ya 1,000 ya pili, halafu LED, hadi mguu wa 1.

Fanya hesabu mwenyewe: 5.1 mara 22 gawanya kwa 10. Utapata volti 11.22. Betri ikiwa juu ya hapo, LED imezima. Ikishuka chini ya hapo, inawaka kukuambia acha kuchaji simu za mtaa mzima. Ukiona inapepesa pale mpakani, ongeza rezista ya ohmu milioni moja kutoka mguu wa 1 hadi wa 3. Huo ni mrejesho chanya kidogo, ule wa filimbi ya harusi, ila sasa unautumia makusudi ili chipu ikishaamua isiyumbe.

Ukimaliza, pima betri ya nyumbani kwenu na mita wakati kidhibiti chenu kinakata, halafu uandike hapa chini ilikata kwa volti ngapi. Nataka kuona namba za Garissa, Wajir, Mandera, hata Madogo ng'ambo ya daraja. Nitazikusanya, na posti inayofuata tutaziangalia pamoja tujue ni mizani ngapi zinasema ukweli.